Ndoo Iliyotapisha Wachumaji

Mwaka wa 2015, nikiwa na miaka sitini na mbili, mke wangu alikufa, na hapo shida ikaanza. Njaa naijua tangu utotoni. Hiyo siiti shida. Shida ni nyumba ya mawe niliyojenga mwenyewe, mtu wa darasa la tatu, na ndani hakuna wa kuniuliza kama nimekula.

Huku kwetu Githongo huwezi kuita wachumaji wa kahawa bila kuwapa ucuru, ule uji wa wimbi uliochachishwa. Mke wangu aliuweka kwenye vibuyu. Mimi kuvisafisha sikujua. Vikaota ukungu, nikavitupa, nikanunua ndoo mpya ya mabati. Uji ukakaa humo siku mbili ukichacha, nami nikijisifu: mjane amewapikia watu wake!

Walikunywa wote. Mimi sikupata, kwa sababu mwenye nyumba hungoja wageni washibe, na hao waliikwangua ndoo. Kabla ya saa sita walikuwa wameinama kati ya mistari ya kahawa, wanatapika. Jirani yangu, mama aliyekuwa rafiki wa marehemu, alipelekwa zahanati kwa bodaboda. Kesho yake wote walikuwa wamepona, lakini swali lilibaki kijijini: "Mbona yeye hakunywa?"

Hakuna aliyekanyaga kwangu tena. Kahawa ikaiva, ikaanza kukauka mtini. Nilichuma peke yangu mpaka mgongo ukakataa. Kanisani walinisalimia kwa ncha za vidole.

Siku moja mwalimu wa kemia wa shule ya hapo chini alikuja kununua mkungu wa ndizi. Alikuwa mgeni huku, hakuwa na habari zangu. Nikamwambia zote, maana hata yeye angezisikia njiani. Akaomba kuiona ndoo.

"Mzee, angalia ndani."

Nje iling'aa. Ndani, pale uji ulipofika, ilikuwa imefifia, ya kijivu.

"Uji ukichacha huwa na asidi," akasema. "Ndoo imepakwa zinki, na zinki ni metali. Asidi huila metali, na kinachozaliwa ni chumvi."

"Chumvi si kitu kibaya."

"Ya mboga, sawa. Hii ni ya zinki. Imeyeyuka ndani ya uji, huioni, lakini tumbo linaikataa."

Akakamua ndimu kwenye kikombe, akatia jivu la jikoni. Povu likapanda. Jivu ni besi, kinyume cha asidi, akasema. Likikutana na asidi yanamalizana, na hapo pia chumvi inazaliwa.

"Basi ningetia jivu kwenye ucuru!"

"Wangekunywa jivu, mzee. Nunua kibuyu."

Nikacheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko changu.

Jumamosi nikaenda kiwanda cha kahawa, watu wakiwa kwenye foleni ya mizani. Nilibeba ile ndoo na kibuyu cha ucuru mpya. Nikaeleza asidi na zinki, nikichanganya kidogo. Jamaa mmoja akapaza sauti: "Kumbe siku hizi mchawi ni ndoo!" Foleni nzima ikacheka. Nikajaza kikombe, nikakimaliza mbele yao.

"Tungoje kesho kama ataamka," akasema yuleyule.

Yule mama jirani akatoka kwenye foleni. Yeye hakuwa amecheka. "Lete hapa." Akanywa taratibu, akapangusa mdomo. "Umeunguza wimbi," akaniambia. "Marehemu hangekukubalia."

Jumatatu alikuja na wachumaji, na wamekuja kila msimu tangu hapo. Wanachuma, wanakunywa, wanaenda kwao. Jioni lango nafunga mwenyewe.

Leo nina ekari mbili za kahawa, migomba, ng'ombe mmoja wa maziwa, nyumba ya vyumba vinne, viti kumi na viwili vya wageni, na kaburi moja la saruji nyuma ya jikoni. Sikurithi chochote.