Breki za Nyuma na Kikombe cha Tatu

Saa moja asubuhi, kabla hajafungua geti la gereji yake, Bi Spana anakunywa chai na mama mkwe wake kwenye benchi, nyuma ya rundo la matairi. Vikombe ni vitatu. Wao ni wawili.

Bibi anakisogeza kikombe cha tatu hadi kona ya benchi, alipozoea kukaa mwanawe. Ndipo inapokuja ile sauti, nyembamba, kali, ikishuka na mteremko nyuma ya ukuta. Kila asubuhi hupita ikapotea, na chai ile hupoa bila kuguswa.

"Leo amechelewa, mama," Bi Spana husema.

"Amechelewa," bibi hujibu.

Asubuhi hii sauti haipiti. Inakata kona, inalia mara ya mwisho, inanyamaza mbele ya geti. Mlango wa gari unafungwa. Mtu anagonga.

"Niliweka kikombe changu chini," anasimulia Bi Spana. "Mama akasema tu, 'Kafungue.' Kana kwamba anayegonga tunamjua."

Anayegonga ni muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. "Dada fundi, nisaidie. Hizi breki za nyuma zinanitia aibu. Hata mbwa wa mtaani sasa wananijua."

Nyuma yake lipo gari dogo la bluu. Lilipoondoka hapa lilikuwa jeupe.

Lilikuwa la mume wa Bi Spana, aliyefariki kwa homa miaka mitatu iliyopita. Mjane aliliuza kwa dalali ili gereji isifungwe. Mwaka jana sauti yake ikaanza kupita nyuma ya ukuta.

"Breki ni kama kikohozi cha mtu wa nyumbani," anasema. "Hata akiwa chumba cha mwisho, unajua ni nani." Hakuwahi kutoka kuchungulia. "Ningemwona mtu mwingine kwenye usukani. Kisha mama ningemwambia nini?"

Ufundi alirithi kwa baba yake. Wateja wapya humuuliza fundi yuko wapi. "Amejificha ndani ya hii ovaroli," huwajibu. Siku njema hutengeneza magari manne. Siku mbaya hufagia uwanja, akaufagia tena.

Analiendesha gari la bluu taratibu kwenye mteremko. Akikanyaga breki kwa nguvu, kimya. Akizigusa kidogo, kilio.

"Mafundi wawili wamezisugua kwa msasa," anasema muuguzi. "Zinanyamaza wiki, zinaanza upya. Tena hulia zaidi nikipita hapa kwenu. Nilishaanza kudhani gari lina jini."

"Jini ni huu mteremko. Hapa kila dereva hugusa breki kidogokidogo." Anasema hivyo, lakini hacheki.

Anainua nyuma kwa jeki, anatoa gurudumu, kisha drami, kile kifuniko cha chuma kinachozunguka nalo. Ndani kuna viatu viwili vya breki, vimepinda kama mwezi mchanga, kila kimoja na ukanda wake unaosuguana na drami. Katika gari hili, chenye ukanda mfupi hukaa mbele, chenye ukanda mrefu nyuma.

Vimebadilishana. Anafungua upande wa pili. Vivyo hivyo.

Bi Spana anakaa chini sakafuni.

Mume wake alikuwa karani wa stoo, wala hakuijua spana. Siku moja, mkewe akiwa kitandani mgonjwa, alitaka kumpunguzia kazi, akabadilisha viatu vya breki mwenyewe, akavipachika kinyume. Gari likaanza kulia. Alicheka hadi machozi. "Sasa utanisikia nikija, uweke chai!" Mkewe aliahidi kurekebisha, siku zikapita. Kinyozi hajinyoi. Mafundi waliofuata walisugua, wakarudisha kila kitu kama walivyokikuta.

"Ilikuwa kazi ya mikono yake," anasema. "Bado imo mle ndani, inamwita."

Lakini kanda zimelika karibu kufika kwenye chuma. "Una watoto?" anamuuliza muuguzi.

"Wawili. Kila siku nawapeleka shule kwa gari hili."

Bi Spana anageuka kulitazama benchi. Bibi ametulia pale, kikombe cha tatu kando yake. Sauti hii ikiondoka, ajuza yule atabaki na nini?

Anachukua viatu vipya. Kifupi mbele, kirefu nyuma. Anapaka grisi kidogo pale chuma kinapogusana na chuma, akichunga isifike kwenye kanda. Muuguzi anapanda mteremko, anashuka. Hakuna kitu. Anapiga honi kwa furaha, anaondoka.

Sasa Bi Spana ana mipango miwili: kununua mashine ya kuchonga drami, na kufungua geti mapema zaidi. Huu wa pili ulimjia asubuhi iliyofuata.

Vikombe vilikuwa vitatu. Gari la bluu lilipita nyuma ya ukuta. Yalisikika matairi tu juu ya changarawe. Bibi hakukisogeza kikombe.

"Leo amechelewa, mama," alianza Bi Spana.

"Acha, mwanangu. Mimi nilimzika. Nilishika udongo kwa mkono huu."

"Na kikombe?"

"Kikombe ni chako. Sauti ikipita, uso wako unang'aa, unageukia geti. Nikasema huyu hajamzika bado, nisimharakishe."

Chai ilikuwa bado ya moto. Bi Spana alikichukua kikombe cha tatu, akakishika kwa mikono miwili.

"Amekufa, mama," akasema.

"Amekufa, mwanangu. Kunywa."