Mkono wa Kulia wa Mume Wangu

Kiharusi kilipompata mume wangu, kiliua mkono wa kulia, uleule aliokuwa akinipigia miaka yote ya ndoa yetu. Hospitalini Kasulu, daktari wa mazoezi alimwekea mchezo wa ngumi kwenye televisheni. Mgonjwa akirusha mkono, kamera inamwona, na bondia wa kwenye skrini anapiga.

"Mama, mshike kiwiko, msaidie," daktari aliniambia.

Nikawa naunyanyua mkono ule na kuurusha. Mpinzani akianguka, mume wangu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kila wiki tulipanda basi kutoka Kibondo kwenda kupigana.

Siku mkono uliponyanyuka wenyewe, nililia kwa furaha.

Jumapili iliyofuata nilichelewa kumletea uji. Ngumi ilinipata chini ya jicho, nikaanguka na bakuli, uji ukaniunguza kifua.

"Umeona? Mkono umepona kabisa!" alisema, akiutazama mkono wake.

Niliinuka, nikaukamata kwa mikono yangu miwili, nikaubana mezani hadi akapiga yowe. Bado nilimzidi nguvu.

"Nimeufufua mimi," nilimwambia. "Hautanigusa tena."

Nikampigia simu dada yake aje amuuguze. Alipofika aliliona jicho langu, akaliokota bakuli sakafuni. Mchana huohuo nilikwenda Mabamba kwa kaka yangu, na ndiko ninakoishi hadi leo.

Wifi ndiye anayempeleka Kasulu sasa. Juzi aliniambia mkono unazidi kupata nguvu. Nilimwambia akae mbali nao.