Amana za Marehemu

Kaka yangu alikuwa fundi wa redio na kompyuta. Alipofariki aliacha mke, kibanda cha kazi, na rafu iliyojaa mashine za watu, matumbo nje. Mkewe hakulia. Watu wakasema ana moyo mgumu. Mimi niliyekuwa nalala naye chumba kimoja najua haukuwa ugumu. Wifi yangu alikuwa hayupo tu. Ukimpa chai anakunywa. Usipompa, haulizi.

Wageni wa msiba walipokwisha kutawanyika, akaniambia, "Wifi, nimejiandikisha chuo cha ufundi."

"Kusoma nini, cherehani?"

"Elektroniki za kompyuta."

Nikadhani huzuni imemvuruga akili. Akanionyesha rafu kwa kidevu. "Zile ni amana za watu. Mwenzangu amelala kaburini nazo shingoni. Atazirudisha nani?"

Amana ni amana mbele ya Mungu.

Darasani walikuwa vijana watupu, wakamwita Bi Mkubwa. Alivaa koti la kazi la marehemu, mikono ameikunja. Siku moja nilimpelekea miwani aliyoisahau, nikakuta kijana mmoja kaweka kapasita kinyume. Kapasita ni kidude kama kopo dogo, kina mstari ubavuni wa kukuonyesha upande wa kukiweka. Kijana kuwasha tu, paa! Darasa zima likajitupa chini ya meza, nami nikalitaja jina la Mungu kwa sauti. Wifi yangu hata kope hakupepesa. Akaendelea kulehemu.

"Bi Mkubwa ana waya wa ardhi!" vijana wakacheka. "Shoti haimpati!"

Mwalimu hakucheka. "Mashine iliyopita mikononi mwa fundi mwingine, kagua kazi yake kabla hujawasha. Hata kama fundi huyo ni mimi."

Basi wifi akawa akitoka chuoni anafungua kibanda, na mashine zikaanza kushuka moja moja. Zilizokufa kabisa alizirudisha hivyo hivyo, akasema, "Hii imenishinda, nisamehe." Mwishowe ikabaki ya mwenye studio ya picha, rafiki wa marehemu. Bwana huyo kila akipita lazima arushe neno.

"Shemeji, kompyuta yangu bado haijahitimu tu?"

"Bado ina somo moja," wifi anamjibu, bila kutabasamu.

Hiyo ndiyo kaka alikuwa akiitengeneza siku aliyoanguka. Wifi alikuwa akiikwepa kama mtu anavyokwepa shimo njiani.

Mchana mmoja akaiteremsha, akanipa tochi nimmulikie. Kidole chake kilipita juu ya ubao wa ndani polepole, kidude kwa kidude, kisha kikasimama.

"Hii imegeuzwa."

"Kaigeuza nani?"

"Kaka yako. Angeiwasha, ingelipuka."

Kaka yangu, fundi aliyefuatwa na watu kutoka mitaa ya mbali! "Alikuwa mgonjwa, wifi," nikasema. "Macho yalishaanza kufifia."

"Najua. Lakini amekosea."

Akapasha moto chuma cha kulehemia. Ili kukitoa kile kidude ilibidi ayeyushe risasi iliyokishikilia, aliyoitia marehemu kwa mkono wake, kazi yake ya mwisho duniani. Nilitamani alie. Akaiyeyusha kama mtu anayemenya kiazi, akapangusa, akaweka kapasita mpya, akakagua tena. Ikawaka.

Mwenye studio akaja mbio. "Ehe, shemeji! Ilikuwa inaumwa nini?"

Nilimkanyaga wifi mguu chini ya meza. Kibanda kinaishi kwa jina la fundi, na jina lile ndilo peke yake marehemu alilomwachia.

"Marehemu aliweka kapasita kinyume," akasema. "Nimeibadilisha."

Yule bwana akachomoa waya. Akaikumbatia kompyuta kifuani, akatoka taratibu.

"Umemwambia ya nini?" nikamuuliza.

"Si kauliza?"

Nikapangusa vumbi la rafu tupu, hofu ikanishika. Amana zile ndizo zilizokuwa zikimwamsha asubuhi. Sasa ataamshwa na nini?

"Na chuo je?" nikasema. "Ulichokifuata si umekimaliza?"

"Nimekimaliza." Akakaa, mikono mapajani, anatazama ukuta. "Kesho kuna somo la printa."

"Utakwenda?"

"Sijui. Wamesema tuje na brashi laini."

Asubuhi nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, koti halipo. Mimi mambo ya printa siyajui, lakini siku ile niliishukuru mbele ya Mungu.