Sauti Iliyosikika Mara Moja

Mimi si mtu wa kuamini mambo ovyo, na hili lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho kabisa, saa tisa mchana. Usiniulize kwa nini halikungoja giza kama mambo ya watu wengine. Nakwambia lilivyokuwa.

Nilikuwa nasomea shahada ya pili Kisumu, utafiti wangu ukiwa juu ya milipuko ya mawimbi ya redio kutoka mbinguni. Jina lisikutishe. Ni mlio mkali unaotoka mbali mno, nje kabisa ya kundi letu la nyota, na unakwisha kabla hujapepesa jicho. Mingi husikika mara moja tu, basi. Kazi yetu ni kuuliza: huu umetoka galaksi gani, yaani kundi gani la nyota? Kwao ni wapi?

Profesa wangu alinituma Luanda Kotieno, ufukweni mwa ziwa, nikapime kama kilima kilicho juu ya kituo cha feri kina utulivu wa kuwekwa antena. Simu ikilia, pikipiki ikipita, mstari kwenye kompyuta yangu uliruka kama samaki aliyetolewa majini. Nilikodi chumba kwa Ouko, fundi wa injini za boti, mtu mpole wa maneno machache. Mchana nilikuwa napanda kilimani peke yangu.

Siku ya nne akaja mama mzee. Sikumwona akipanda. Niliinua macho nikamkuta kando ya antena, leso kiunoni, na miguuni gambuti za kijani za kiume zilizompwaya. Akaketi juu ya sanduku la betri bila kukaribishwa.

"Nyathina," akaniita. Mimi ni Mluhya, lakini Kijaluo hicho nakijua: mwanangu. "Hiyo chuma yako inasikiza nini?"

Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Alisikiliza kuliko wanafunzi wenzangu. Kisha akauliza, "Na kama imelia mara moja peke yake, mtajuaje kwao?"

Nikamwambia antena moja haitoshi, itakuonyesha upande tu. Lakini zikisikia antena mbili tatu zilizo mahali tofauti, unachukua ushahidi wa kila moja, unachora mistari, na inapokutana ndipo penyewe. Ukielekeza darubini hapo, unaiona galaksi.

Akageuka akalitazama ziwa.

"Kijana yangu Omondi aliniita mara moja kutoka kwa ziwa," akasema. "Jioni ya ile upepo kubwa. Mimi nilisikia kwa mlango. Wanawake wa omena, hizi samaki ndogo, walisikia. Mzee wa feri alisikia. Kila mtu akaonyesha upande yake, wakabishana, wakaenda kutafuta huko ng'ambo, Mbita. Hakuna mtu alituketisha pamoja."

Wewe ungemjibu nini? Mimi nilisema pole, mama. Nikainama kuandika saa kwenye daftari, mazoea tu ya kazi. Nilipoinua uso, hakuwapo. Na kilima kile, niamini, hakina kichaka cha kuficha hata mbuzi.

Jioni nikamsimulia Ouko, nikidhani ni habari ya jirani. Alikuwa anapiga plagi ya injini brashi.

"Alikuwa amevaa nini?" akauliza.

Nilipotaja gambuti, plagi ikamponyoka.

"Hizo zilikuwa za ndugu yangu Omondi," akasema polepole. "Siku alipopotea ziwani aliziacha mlangoni. Mama yetu akazivaa miaka miwili, akakataa viatu vingine. Alipofariki nilimvalisha mimi, na hii mikono yangu. Amezikwa nazo."

Usiku ule sikulala, sitakuficha. Lakini kadiri nilivyowaza, hofu ilipungua ikabaki huruma. Yule mama hakunitakia mabaya. Alikuja kumuulizia mwanawe kwa mtu aliyemwona ana ujuzi. Na kwa Wajaluo, mtu asiyezikwa nyumbani ni kama bado yuko njiani.

Asubuhi nikamwambia Ouko, "Tuwaketishe pamoja."

Tukawatafuta wale walioisikia sauti jioni ile: wanawake wawili wa kuanika omena, na mzee aliyekuwa akifunga kamba za feri. Kila mmoja nilimpeleka palepale aliposimama, nikamwambia afumbe macho, akumbuke, kisha anyooshe mkono. Ouko alisimama mlangoni pa mama yake, kwa sababu jioni ile alikuwa pale naye na aliona alikoonyesha.

"Bwana, sauti ni kitu ya kupimwa na rula?" mzee wa feri akanicheka. Lakini alinyoosha mkono.

Nikachora mistari kwenye ramani. Haikuelekea Mbita hata kidogo. Ilikutana kwenye ghuba ndogo iliyozibwa na mafunjo, mahali ambapo hakuna aliyetafuta, kwa kuwa jioni ile upepo ulikuwa unasukuma upande mwingine.

Ouko akaweka kidole juu ya ghuba ile. "Hapa ni karibu," akasema. "Hapa hata mimi ningefika nikiogelea." Akalia.

Tulikwenda na boti na mapanga. Siku ya pili, chini ya mizizi ya mafunjo, tulikuta mashua imepinduka, injini yake ikiwa na kiraka alichokichomelea Ouko mwenyewe. Yaliyokuwa chini yake sitakueleza. Polisi walipomaliza yao, Omondi alizikwa ubavuni mwa mama yake, na wale walioisikia sauti yake ndio waliotangulia kumwaga udongo.

Kilima hakikufaa kwa antena, simu ni nyingi mno. Kabla ya kuondoka nilipanda huko mchana mara tatu zaidi, jibu lake likiwa mdomoni mwangu. Hakuja. Ouko anasema hilo ni jema, ametulia. Huenda. Mimi ningependa kumwambia mwenyewe. Hadi leo, nikipata mlio uliosikika mara moja tu, mkono wangu husita, siwezi kuufuta nikauita kelele mpaka niupitie tena na tena. Wenzangu hunicheka.

Nawe nakuonya. Ukiwa na mtu kwenu anayesema "mimi nilisikia," usimwambie ulikuwa upepo. Mwulize alikuwa amesimama wapi, na umwulize angali hai. Yule mama alikaa miaka miwili na ushahidi wake, na mwanawe yuko karibu hivyo. Ilibidi afe kwanza ndipo apate wa kumsikiliza, na huyo naye alikuwa mgeni.