Tini Zisizo na Mlaji

Nyumbani kwa Laurencia, kule Endamarariek, tini ziliiva, zikaanguka, zikaozea chini ya mti. Mwaka jana usingeikuta hata moja ardhini. Watoto wa jirani walikuwa wakizimaliza mtini kabla hazijalainika, naye akiwafukuza huku anacheka. Mwaka huu hakuna aliyesogea. Mtoto wake mchanga alifariki wakati wa masika, na kwa mila ya Wairaqw mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya huwekwa metimani, yaani hutengwa: hashikwi mkono, haombwi moto, na kilichopita mikononi mwake hakiliwi, mpaka wazee wamtoe. Siku hizi wengi wanakwenda kanisani na mila hiyo wameiacha. Mkwewe, Mzee Hhando, anakwenda kanisani na hajaiacha. Alimchukua Evarista, binti mkubwa wa Laurencia, akae kwake, na Fabian, mume wa Laurencia, hakumzuia baba yake, mwanamume mzima.

Laurencia ni mpishi katika loji moja ya Karatu. Asubuhi ile alijaza tini kikapuni akaenda nazo kazini, maana kuzitazama zikioza kulimchoma roho.

Alizifuta kwa kitambaa kibichi, akakata vikonyo, akazipasua msalaba kwa juu bila kufika chini, kisha akaziminya kitakoni zikafunguka na kuonyesha wekundu wake. Ndani akatia jibini ya mbuzi na pilipili manga kidogo, akaziweka kwenye oveni mpaka jibini ikaanza kulegea, akamalizia kwa asali. Basi, hakuna ufundi mwingine.

Mpishi mkuu, Modest, naye kwao ni Endamarariek. Zamani hakuruhusu sahani itoke jikoni kabla hajaionja.

"Onja basi, kaka," Laurencia alimwambia.

"Nimeshiba, dada. Wapelekee tu wageni."

Tangu masika Modest ameshiba kila siku. Mpishi gani huyo!

Wageni walikula wakalamba vidole. Bibi mmoja wa Kizungu aliomba kumwona aliyepika, na Laurencia alipotokea, akamshika mikono yote miwili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Laurencia aliangua kilio pale pale mezani, na yule bibi akadhani ni furaha. Tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amemgusa.

Kushikwa kule kulimtia ujasiri. Alifunga tini zilizobaki kwenye karatasi, akaenda moja kwa moja kwa mkwewe, akasimama nje ya ua wa minyaa. Evarista alimwona, akaja mbio, kisha akasita hatua chache kabla ya kufika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea tini. Zina asali."

Mtoto alizitazama, akameza mate. Kisha akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Babu alisema nikila cha mkono wako nitamfuata mdogo wangu."

Laurencia alifungua kinywa aseme babu yako mwongo. Lakini je, mtoto akila leo, kesho akaamka na homa, hata kama ni homa ya mbu tu? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliwaza hayo, na akaona kwa hofu kwamba hata yeye alikuwa anaiogopa mikono yake.

"Basi usile," alisema. "Msikilize babu."

Alirudi nyumbani, akafungua ile karatasi chini ya mtini, akazimwaga tini za asali juu ya zile zilizooza.