Zamu ya Mami Kuzaliwa

Kila asubuhi nikifungua rejista ya darasa langu hapa Nakuru, huwa nasoma habari za nyumba za watu. Huyu alizaliwa mvua ikinyesha. Huyu alizaliwa ng'ombe wakirudi boma. Huyu, mamake alishikwa na uchungu akiwa njiani, na jina linasema hivyo bila haya. Wenzetu wa upande wa Kisumu wana hata jina la mtoto aliyetoka kitovu kimemzunguka shingo. Halafu kuna sisi Wakikuyu, ambao majina yetu hayasemi lolote kuhusu siku uliyozaliwa. Yanasema wewe ni nani aliyerudi. Nimefundisha miaka kumi na minne na nilikuwa najigamba kwamba hakuna jina la bonde hili linaloweza kunipiga chenga. Lakini mganga hajigangi.

Kwetu utaratibu wa majina hauna mjadala. Mvulana wa kwanza ni babake mume, wa pili ni babake mke. Msichana wa kwanza ni mamake mume, wa pili ni mamake mke. Na hatusemi mtu ameitiwa mtoto, tunasema amezaliwa. Shosho, yaani nyanya yako, anaweza kuwa hai kabisa, anakula githeri yake vizuri, na bado tukasema amezaliwa juzi hospitalini.

Sasa mamangu, ambaye namwita mami, alinizaa mimi peke yangu. Kwa kuwa ni msichana wa kwanza, nikawa mama mkwe wake. Ndiyo, yule yule aliyekuwa akimfunulia sufuria kuona amepika nini, mami alimzaa, akamnyonyesha, akamsomesha. Msichana wa pili, ambaye angekuwa mamake mwenyewe, hakuja. Mami alimzika mamake bila kumzaa, na sijawahi kumwona akilia kwa jambo jingine vile alivyolilia hilo. Kwa hiyo alikuwa ananingoja mimi nimzae yeye. Hana mtoto mwingine. Nikishindwa, jina lake litaishia naye huko Subukia, libaki kwenye msalaba tu.

Nikaolewa na Mkalenjin wa Kuresoi. Watu walisema yao, maana ile miaka mibaya ya makabila yetu kuchomeana nyumba ilikuwa haijasahaulika, lakini mami alichouliza ni kama watu wa huko huzaa wasichana. Tukapata wavulana wawili. Wa kwanza nilimpa jina la babake mume wangu, ambaye alikuwa ameshafariki, na Kuresoi walifurahi mpaka wakachinja. Wa pili akawa babangu, naye marehemu. Nikajiambia, kumbe mila zetu ni moja tu. Kuuliza si ujinga, lakini mwalimu amezoea kuulizwa.

Wa tatu akawa msichana. Alitoka kwa upasuaji kama kaka zake, na daktari akaniambia pale pale kitandani kwamba tumbo langu haliwezi kubeba mwingine. Nililia, mume wangu akafikiri ni kidonda. Nililia kwa sababu nilikuwa na msichana mmoja tu, na huyo mmoja hakuwa wa mami.

Nilimpigia mami simu nikamwomba ruhusa ya kuruka foleni. Nyuma yake kuku walikuwa wakilia uani.

"Mtu hamwibii mwenzake zamu," alisema. "Mpe mwenyewe."

Basi nikaandika jina la mama mkwe wangu kwenye fomu ya hospitali, kwa herufi kubwa. Kuanzia hapo mami alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Mtoto ameamkaje? Mtoto ananyonya? Hata siku moja hakulitaja lile jina. Haki ya Mungu, roho iliniuma.

Mtoto alipofika miezi miwili tukampeleka Kuresoi. Mama mkwe alimpokea mlangoni, akamnusa kichwani, akamtemea mate kidogo kifuani kumbariki. Tulipoketi ndani akauliza anaitwa nani. Nikalitaja jina nikitabasamu, nikingoja vigelegele. Havikuja. Alinirudishia mtoto mapajani polepole, akatoka nje, na kupitia dirishani nikamwona amesimama kando ya ndama, ametupa mgongo.

Nikamgeukia mume wangu. Akajikuna kichwa, ndipo akanieleza kwamba kwao jina la ukoo hutoka kwa waliokwisha kwenda. Kumpa mtoto jina la mtu aliye hai ni kama kumwambia mwenye jina kwamba tunangojea kiti chake. Nikamuuliza yeye alikuwa wapi nilipokuwa naandika. Ati alifikiri kwa vile sisi ni watu wa kanisa, mama hatajali. Wanaume jamani! Mtu anakumbuka mabao ya mpira ya miaka kumi iliyopita, lakini mila ya mamake imempotea. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilimfuata mama mkwe nje na kumwomba msamaha. Alinisikiliza bila kuniangalia.

"Hilo jina bado nalitumia," alisema. "Mimi sijachoka."

Nikamweleza kwamba kwetu hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote, na kwamba nisingempa yeye kwanza, angekuwa na haki ya kunilaumu mpaka kaburini. Halafu, sijui nilishikwa na nini, nikamwambia habari za mami. Nikamwambia zote, za mamake aliyezikwa bila kuzaliwa, na za simu za Jumapili. Aliniuliza mara mbili kama kweli kuna mwanamke mwenye akili zake anayetaka kuona jina lake likipewa mtoto huku anaangalia. Nikasema yupo, na amengoja miaka thelathini na minane. Hapo akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Basi mpelekee. Yeye anataka, mimi sitaki, tunapigania nini?"

Lakini kwanza alitaka kufanya ya kwao. Aliwaita majirani wawili, wanawake wa rika lake, wakaketi jikoni na mtoto katikati. Wakaanza kutaja akina mama wa ukoo waliokwisha kufa, mmoja baada ya mwingine, wakingoja mtoto apige chafya, maana jina la chafya ndilo huwa lake la ukoo, mbali na lile la karatasi. Kwa jina la nne akapiga chafya kubwa mpaka akajishtua mwenyewe, na nyumba nzima ikapasuka kwa furaha. Kichwa changu cha ualimu kilisema ni moshi wa kuni. Nikakiambia kinyamaze.

Kubadilisha jina kwenye karatasi kulinipotezea siku tatu za foleni na kiapo kwa wakili, na karani mmoja aliniuliza kama nina uhakika najua ninachotaka. Nilimwambia sijawahi kuwa na uhakika zaidi.

Mami sikumwambia kwa simu. Tulimkuta Subukia akipukuchua mahindi. Alimwangalia mtoto kwa mbali, akauliza kama watu wa Kuresoi wamempenda. Nikasema wamempenda sana, ila jina wamelirudisha. Mikono yake ikasimama. Nikamweleza yote kuanzia mwanzo.

"Kwa hivyo sasa anaitwa nani?" aliuliza.

Nikalitaja jina lake. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Alijifuta uso kwa pindo la leso, akanyoosha mikono nikampa mtoto, akamwangalia muda mrefu sana, kidole kwa kidole, sikio kwa sikio.

Kisha akainua macho akaniangalia mimi, ambaye tangu nizaliwe ameniita kwa jina la mama mkwe wake, siku nyingine kwa upendo na siku nyingine kwa meno. Kwetu aliyekuzaa ni mamako, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nimemzaa.

"Mama," aliniambia, "nasikia baridi. Nifunike."

Nikavua sweta yangu nikawafunika wote wawili.