Mkeka Aliojisifia Wifi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hajawahi kukanyaga tope la ziwa. Hajui majani ya matete yanavyochana mikono ukiyapenya kufuata mafunjo, wala ruba anavyong'ang'ania nyuma ya goti. Naanza na yeye kwa sababu nikianza na mkeka nitalia, na machozi yangu hayastahili.

Mkeka ulikuwa wa mama yangu mzazi. Mimi ni mtu wa ziwani, nimeolewa Gorong'a kwa watu wa ng'ombe, na tangu niingie boma lile mama mkwe hakuniita jina langu. Aliniita yule wa samaki. Kusuka nilifundishwa na mama. Vidole vyake vilipokakamaa kwa ugonjwa, hata kikombe akawa anakishika kwa viganja, aliniomba kitu kimoja tu: nimsukie mkeka wa kulalia wenye nyayo za korongo, urembo alioubuni mwenyewe, aulalie kabla hajafa. Alisema hivyo hivyo, kabla sijafa, kama mtu anayeagiza chumvi.

Kiangazi nilishuka ufukweni nikakata mafunjo kabla vichwa vyake havijageuka kahawia. Nikayachuna ganda yakiwa bado na maji, nikalianika kivulini, maana jua kali hulifanya likatike mkononi. Sehemu nyingine nililichemsha na magome ya mgunga, kisha nikalizika kwenye tope jeusi la ufukweni mpaka likawa jeusi kama kitako cha sufuria. Kwa hilo jeusi nikasuka nyayo za korongo, zikitembea kutoka pembe moja mpaka nyingine, mguu wa kushoto, wa kulia, kama anavyopita asubuhi kwenye matope. Nilisukia ndani, mlango nimeufunga, kwa sababu mama mkwe alisema takataka za ziwa zinaleta nzi. Boma limejaa mavi ya ng'ombe, lakini nzi wote walikuwa wangu!

Nilipomaliza niliukunja nikauegemeza nyuma ya mlango, nikisubiri siku ya kuupeleka.

Siku hiyo haijafika, wakaja wageni wa kumposa wifi. Nilitumwa mtoni kuchota maji ya kupikia. Narudi na ndoo kichwani, nakuta viti vya plastiki vimepungua na mkeka wa mama yangu umetandikwa uani. Baba mkwe amekaa katikati, karibu yake baba wa kijana anayeoa, miguu wamenyoosha juu ya nyayo za korongo, viatu miguuni. Wifi amepiga magoti pembeni na jagi la togwa.

"Nimeusuka mwenyewe, baba," alikuwa anamwambia yule mzee. "Mikono yangu haijazoea kukaa bure."

Mzee akamgeukia mwanawe, akamwita kijana kwa lugha yao. "Mura, umeona? Huyo ndiye mke."

Wifi aliniona, akanikazia macho, akatabasamu. Alijua mkamwana hapigi kelele mbele ya wazee.

Sikupiga kelele. Nilitua ndoo, nikapiga goti vizuri kabisa.

"Shikamoo baba. Shikamooni wazee. Mnisamehe, huo mkeka umetolewa kitandani kwangu. Ndio tunaolalia mimi na mume wangu."

Kule kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mkamwana wake, sembuse kukalia mahali anapolala na mumewe. Hilo halifanyiwi mzaha, hata na wale wanaokwenda kanisani kila Jumapili. Wazee waliruka kama waliokalia siafu. Mmoja aliacha fimbo yake. Mama mkwe alipiga yowe, na baba mkwe akaondoka akitazama chini mpaka nyuma ya zizi. Mbuzi alichinjwa siku hiyo hiyo kumsafisha.

Ulikuwa uongo, bila shaka. Mkeka ule hata paka hakuwahi kuulalia. Mume wangu alijua, akanyamaza, kwa sababu akisema ni uongo dada yake ni mwizi, na akikubali dada yake ni mpumbavu. Wageni waliondoka bila kugusia mahari. Hawakurudi. Nilikunja mkeka wangu nikicheka, na sikujificha.

Baada ya siku chache niliufunga kwenye pikipiki nikaupeleka ziwani. Maneno yalishatangulia, wachuuzi wa dagaa hawalali nayo. Mama aliukunjua kwa viwiko, akapitisha mgongo wa mkono juu ya zile nyayo, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akausukuma.

"Nyara," aliniita, binti yangu, kwa lugha yake. "Mzazi halali kwenye kitanda cha mtoto wake."

"Mama, nilidanganya! Haujalaliwa na mtu."

"Ulisema mbele ya wazee?"

"Nilisema."

"Basi ni kitanda chako. Kanisukie mwingine."

Nilirudi majini. Ziwa lilikuwa limepanda na mafunjo yamekwenda mbali. Nilikata maji yakinifika kifuani. Mkeka wa pili haukuwa umefika nusu mama alipofariki, juu ya godoro la sponji lililotoboka. Shangazi zangu walisema ulimi wangu ndio ulimnyima mama. Waseme. Mimi naulaumu mkono uliofungua mlango wangu.

Wifi alikuja msibani na watu wa kwa mume wangu. Alikuja kwa sababu asingekuja wangemsema. Viti vilikuwa vimekwisha, akasimama akitafuta pa kukaa. Niliingia ndani nikatoa ule mkeka wa kwanza, uliobaki kwa mama tangu aukatae, nikautandika mbele ya miguu yake, watu wote wanaona.

"Karibu ukae, wifi. Si uliusuka mwenyewe?"

Dada hawezi kukalia kitanda cha kaka yake, na yeye mwenyewe alishakisikia kikitajwa mbele ya wazee. Alisimama juani ibada nzima, akisimamia mguu huu, akihamia ule, mpaka kaburi likafukiwa. Mkeka ulibaki wazi mbele yake, hakuna aliyeugusa. Nilikuwa nimeupima vizuri nilipousuka. Mama angeulalia na nafasi ingebaki.